Zizi Lisilo na Nzi

Asubuhi niliyoondoka kwetu sikuwa nakwenda popote. Nilikaa nje ya nyumba ya kaka yangu, kijiji kimoja kando ya Shinyanga, nikisugua meno kwa mswaki wa mti, akapita mtu wa baiskeli aliyefunga tenga la samaki wakavu nyuma. Nikamsimamisha.

"Huyu samaki, alipokuwa hai, alikuwa anakula nini?"

Akanitazama juu mpaka chini. "Unataka kumnunua au unataka kumwalika chakula?"

"Nataka kujua tu."

"Basi nenda kamuulize. Wenzake wako ziwani."

Akapanda baiskeli yake akaenda. Nikasukutua, nikaingia ndani kuchukua shuka, nikatoka. Shemeji alidhani nakwenda kuoga.

Nilikuwa na umri wa miaka kama ishirini, mwishoni mwa miaka ya sitini. Shule niliiacha darasa la tatu, mwalimu aliposema maswali yangu yanawachelewesha wenzangu. Baada ya hapo nilichuma pamba, nilichunga ng'ombe wa watu, nilibeba kokoto Mwadui, na kila mahali nilikaa msimu mmoja au miwili. Mama alikuwa akisema nilizaliwa njiani, na kwa kweli nilizaliwa njiani, akitoka kisimani.

Ninyi vijana wa mwaloni mmeniomba niandike jinsi kazi ya chambo ilivyokuwa zamani, kwa kuwa nimeiacha mwaka huu na mikono yangu haina cha kushika. Nimeuza chambo kwenye mialo minne. Nitaandika juu ya mwalo mmoja tu, wa kwanza, ulioko kwenye ghuba upande wa Geita. Kule ndiko nilikojifunza kazi. Mengine niliyofanya baadaye yalikuwa kurudia niliyofundishwa kule, bila aliyenifundisha.

Kutoka Shinyanga mpaka ziwani nilitumia siku tisa, kwa miguu na kwa malori. Nilipita Geita, wakati ule mgodi wa zamani umekwisha kunyamaza na nyasi zimeota kwenye reli za vibehewa. Nilifika mwaloni asubuhi, mitumbwi ikirudi. Chini ya paa la matete nikamwona mwanamke amekaa kwenye kigoda, kisu mkononi, anapasua tumbo la kambare. Wanunuzi wengine walikuwa wakiangalia nyama. Yeye nyama aliiweka pembeni, akawa anachokonoa utumbo kwa ncha ya kisu.

Nikamsalimu, "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua macho.

"Mama, unatafuta nini humo?"

"Natafuta alichokula jana."

Nilikaa chini pale pale. Nimepata kazi nyingi maishani kwa kuomba, na nyingi nimezipoteza kwa kuuliza. Hiyo ndiyo pekee niliyoipata kwa kuuliza.

Alikuwa Mama Sayi, Mzinza, mjane wa Msukuma aliyekuwa na ng'ombe wengi kabla ya ugonjwa kuwapunguza. Mwanawe Sayi alifanya kazi kwenye almasi Mwadui na alikuwa na nyumba kwenye kota za kampuni. Mama aliuza chambo. Duka lake lilikuwa ukuta wa udongo uliofika kiunoni, paa la matete, na mitungi minane. Ndani ya mitungi mlikuwa na udongo mweusi, na ndani ya udongo nyungunyungu, hai, wanene, wanaorukaruka ukiwashika. Wavuvi wa ndoana walikuja kabla jua halijachomoza, kila mmoja na kopo lake, naye Mama Sayi akawapimia kwa konzi.

Lakini nyungunyungu walikuwa nusu tu ya biashara. Nusu nyingine ilikuwa neno lake. Wavuvi walimwuliza, "Mama Sayi, leo wapi?" Naye akawaambia: leo tegeni karibu na matete, ndoana ikae chini kabisa. Au: leo msihangaike na ufukwe, samaki wamekimbilia kina kirefu. Alijua haya yote ingawa hakuwahi kukanyaga mtumbwi. Kule mwanamke hapandi mtumbwi wa uvuvi. Wakimwona hata amegusa kafi wataliosha. Kwa hiyo alilisoma ziwa kwenye matumbo. Akikuta konokono, alijua samaki wanakula kwenye miamba. Akikuta tope na vijidudu vyekundu, alijua wako chini, kwenye matope, wanakula polepole. Akikuta tumbo tupu siku tatu mfululizo, alifunga duka na kuwaambia wavuvi wakalale.

"Umejuaje hayo yote, mama?"

"Wewe ukitaka kujua mume wa mtu anakula wapi, utamfuata kila anapokwenda? Subiri arudi nyumbani, uone kama ana njaa."

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenda alikokatazwa. Nilipanda mitumbwi ya wavuvi, nikachota maji yaliyo juu na yaliyo chini kwa kopo lenye jiwe la kulizamisha, nikarudi kumweleza: baridi, vuguvugu, meusi, yananuka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza mpaka mwisho kabla ya hapo.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Madebe mawili ya maji, magunia, majivu, kisu, na mikono. Jembe alilikataza. Jembe linakata nyungunyungu, na aliyekatwa anaoza, akioza anawaua wenzake wa mtungi mzima. Ndoana tulikwenda kununua Geita, kwenye duka la Mhindi mmoja mpole aliyevaa kofia nyeupe. Siku yangu ya kwanza nilitumwa namba kumi. Nikamwambia anipe namba saba, kwa sababu Mama Sayi ametaka ndogo.

"Namba kumi ndiyo ndogo," akasema.

"Kumi ni kubwa kuliko saba. Darasa la tatu nilifika, mzee."

"Darasa la tatu umefika, ziwani hujafika." Akaniwekea zote mbili juu ya kaunta nizitazame. Nimewauzia watu ndoana miaka mingi baada ya hapo na hakuna hata mmoja, tangu wakati ule, aliyeweza kunieleza kwa nini zinahesabiwa kinyumenyume.

Sasa niseme juu ya kiangazi, maana hapo ndipo kazi hii inapokuwa kazi. Masika chambo ni cha bure. Kila mtoto anachimba nyuma ya nyumba yao. Masika Mama Sayi aliuza kidogo, akasuka mikeka. Lakini ikifika Juni upepo wa kusini unaanza, unavuma wiki baada ya wiki. Maji ya juu yanapoa, ya chini yanapanda, ziwa linakuwa na rangi ya chai iliyokaa. Nyavu zinachanika kwa mawimbi. Samaki wa kina wanatawanyika, na wanaobaki wa kutegemewa ni kambare na kamongo, waliojichimbia kwenye matope ya matete. Hao hawakamatwi kwa nguvu. Wanakamatwa kwa ndoana yenye kitu kinachocheza. Na ndio wakati huo huo ardhi inakauka inakuwa tofali, na nyungunyungu wanashuka chini kusikofikika. Chambo kinahitajika zaidi pale kisipopatikana. Mwalo mzima, familia labda arobaini, ulikula kiangazi kwa sababu mwanamke mmoja alikuwa na kitalu cha nyungunyungu.

Kitalu kilikuwa kwenye boma la marehemu mumewe, mwendo wa saa mbili kutoka ziwani. Ng'ombe wa ukoo ule walilala zizi moja tangu enzi za babu, na samadi ilikuwa imelaliana mpaka ukizamisha mkono unaishia begani. Juu tuliweka matete, juu ya matete magunia, na tuliyanywesha madebe mawili kila alfajiri, kamwe si mchana. Kuzunguka tulimwaga majivu kuzuia siafu. Ukitaka kujua kama samadi inafaa, shika konzi uiweke shavuni. Ikiwa na joto, bado ni mbichi, itawachemsha. Ikiwa baridi, inuse. Ikinuka kama mvua, waweke.

Hivyo tulifanya kazi miaka kadhaa. Magesa, mvuvi Mkerewe mwenye sauti ya kuita ng'ambo, alikuwa akinitania kila asubuhi.

"Ngosha! Ninyi Wasukuma mkiona ziwa mnafikiri ni lambo la kunyweshea ng'ombe."

"Na ninyi Wakerewe mkiona ng'ombe mnatafuta magamba mpare."

"Mama Sayi, huyu utamwoza lini?"

"Nani atampokea? Atamwuliza bibi harusi maswali mpaka kuche."

Kisha ukaja mwaka wa kuhamia vijijini. Watu wote waliambiwa watoke kwenye maboma yao ya mbalimbali wakajenge kwa mistari kando ya barabara. Shule ingekuwa karibu, zahanati karibu, na nyingine zilikuja kweli. Mama Sayi alipewa kiwanja cha hatua chache, akajenga kibanda. Boma la mumewe likawa mahame. Ng'ombe waliobaki walihamishwa na shemeji zake. Paa liliteketea, ukuta ukalainika na mvua, makaburi yakabaki. Kitalu nacho kikabaki, kwa sababu samadi ya vizazi vitatu huwezi kuibeba kichwani.

Akawa anatembea kutoka kijiji kipya, mbali zaidi kuliko mwanzo. Miaka mitatu, minne, alikwenda na kurudi. Magoti yalivimba. Wakati wa kunywesha mimi nilibeba debe, yeye akaja nyuma na fimbo, hataki kubaki, kwa sababu alisema nyungunyungu wananijua mimi kama mbeba maji tu. Na samadi ilikuwa inachoka. Hapakuwa na ng'ombe wa kuiongezea. Kila kiangazi nyungunyungu walikuwa wachache na wembamba.

Sayi alikuja likizo kutoka Mwadui, suruali imepigwa pasi, akaangalia magoti ya mama yake.

"Mama, twende. Kuna bomba ndani ya nyumba."

"Nikafanye nini huko?"

"Upumzike."

"Nikae kwenye kota nitazame ukuta wa mtu? Siku nikikosa chambo, njoo unichukue. Siku hiyo sitabisha."

Sayi aliitikia kama mtu aliyeandikiwa hati. Mimi nilisikia, na nikaanza kufikiri namna ya kukisogeza kitalu.

Pembeni mwa kijiji kipya kulikuwa na josho la kuogesha ng'ombe dhidi ya kupe, na karibu nalo mazizi. Nilizunguka mazizi yote, nikashika samadi, nikaiweka shavuni. Nyingine mbichi, nyingine kavu kama ugoro. Lakini moja, ya mzee aitwaye Shija, ilinishangaza. Ilikuwa Julai, nchi nzima imepasuka, na zizi lile lilikuwa na unyevunyevu upande mmoja, samadi nyeusi, baridi, iliyolainika. Halafu safi. Nilikaa pale muda mrefu nikifurahi, na nikakumbuka kwamba hakuna hata nzi mmoja aliyenitua usoni. Nikaona ni zizi la mtu nadhifu.

Nikamwomba Shija kona moja. Akasema, "Kona ya samadi? Chukua, ngosha, hata zizi zima, ukitaka na harufu yake."

Mama Sayi hakupenda. Alikaa mlangoni akisugua goti kwa mafuta ya samaki.

"Nyungunyungu si ng'ombe, huwezi kuwaswaga tu."

"Mama, ni hatua mia mbili kutoka hapa. Utakuwa unawaona kila siku."

"Umenusa?"

"Nimenusa." Nilikuwa nimenusa. Palikuwa na harufu kali kidogo, kama ya lami. Nikadhani ni mkojo wa madume.

Akaacha kusugua goti. Kisha akasema neno ambalo nataka kila muuza chambo alishike kuliko yote niliyoandika hapa: "Haya. Lakini peleka nusu. Nusu iache palepale mpaka mwezi upite."

"Sawa, mama."

Nilikwenda mahame siku tatu mfululizo na madebe mawili. Siku ya kwanza nilijaza. Siku ya pili nilijaza. Siku ya tatu nilikuta waliobaki ni nusu kwa kweli, na niliangalia ile njia, na jua, na magunia ambayo ningelazimika kuendelea kuyanywesha mwezi mzima kwa mwendo ule, kwa ajili ya tahadhari ya mama mzee. Nikawachukua wote. Nilichimba kwa mikono mpaka chini, kwa uangalifu mkubwa, nisimkate hata mmoja. Kazi ile niliifanya vizuri. Jioni akaniuliza kama nimeacha nusu. Nikasema nimeacha.

Siku mbili kitalu kipya kilikuwa kimya. Siku ya tatu asubuhi niliinua gunia nikakuta wamepanda juu, wote, wamelala juu ya samadi kama nyuzi zilizomwagika. Wengine walikuwa wanajikunja. Wengi walikuwa wamelegea, rangi imewatoka. Nilimwaga maji. Nikamwaga debe la pili. Maji yaliwafanya waelee.

Shija akapita na ng'ombe wake, wametoka josho, wanachuruzika. Wakaingia zizini, wakasimama kwenye kona yenye unyevu, maji ya dawa yakawatiririka matumboni mpaka chini. Hapo ndipo walipokuwa wakikaukia kila wiki, tangu josho lijengwe. Shija akachungulia kwenye gunia langu.

"Haa! Umewaweka hapa? Hii dawa inaua kupe, itawasamehe hao?"

Niliweka debe chini.

"Ngosha, wewe ni mtoto wa wafugaji. Zizi lisilo na nzi umeliona wapi?"

Alicheka, si kwa ubaya. Lilikuwa swali zuri. Nilikuwa nimemwuliza kila mtu kila kitu maisha yangu yote, na siku ile, mbele ya zizi lenye maji kiangazi na lisilo na nzi, sikuuliza.

Mama Sayi alikuja na fimbo yake. Alipiga magoti, jambo ambalo alikuwa hawezi tena kufanya bila kushikwa, akaokota mmoja, akamlaza kiganjani, akampulizia. Akamrudisha. Hakupiga kelele. Aliniambia nimwinue.

Tulirudi mwaloni. Wavuvi walikuwa wamekusanyika na makopo, upepo ukivuma, ziwa rangi ya chai. Mitungi ilikuwa na udongo mtupu. Walikuwa wamekosa siku mbili na baadhi walikuwa wameanza kukata sabuni ya mche vipandevipande wakaitundika kwenye ndoana. Kambare hula sabuni, ni kweli, akiwa na njaa, lakini siku chache tu, kisha anaijua.

"Mama Sayi," Magesa akasema, "tumeosha samaki wa ziwa zima. Chambo vipi?"

"Kimekufa."

Magesa akashusha kopo lake.

"Chote?"

"Cha huku chote. Kule mahame ipo nusu." Akanigeukia, mbele yao wote, na usoni mwake hapakuwa na lawama, palikuwa na kitu kibaya zaidi, palikuwa na raha ndogo ya mtu ambaye busara yake imemwokoa. "Ndiyo maana nilimwambia aache. Atakwenda leo, kesho kutwa alfajiri njooni na makopo."

"Mama Sayi akisema kipo," Magesa akawaambia wenzake, "kipo." Wakaanza kuondoka. Mmoja akanipiga begani.

Hapo nilikuwa na nafasi. Watu walikuwa wanaondoka, yeye amekaa kwenye kigoda chake, mimi nimesimama hatua mbili. Ingekuwa maneno matatu: mama, nimewachukua wote. Nimeyasema mara nyingi tangu wakati ule, nikiwa peke yangu, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Siku ile nilisema, "Naomba debe."

Akanipa. Akanifungia viazi viwili vilivyochemshwa kwenye jani la mgomba. "Usiwachimbe jua likiwa kali," akasema. "Na uwaombe radhi wenye makaburi, tumewasumbua."

Nilifika mahame mchana. Nilichimba kona zote nne. Nilichimba chini ya ukuta, chini ya jiwe la kusagia, kando ya makaburi. Samadi ilikuwa imekauka ikawa unga, ikipeperuka kila nikiifikicha. Siku chache bila maji zilitosha. Nilipata funza wawili weupe wa mbawakawa. Nilikuwa nimewachukua wote kweli, kwa uangalifu, kama nilivyofundishwa.

Sikukusudia kukimbia. Msinisomee hivyo. Nilijiambia nitatafuta mbegu mahali pengine. Wakipatikana hamsini tu wenye afya, kitalu kinaweza kuanza upya. Palipo na maji kiangazi lazima wapo. Nilitembea mpaka barabara kubwa. Lori lililokuwa limepeleka pamba kwenye kinu lilikuwa likirudi tupu, dereva akaniuliza naenda wapi. Nikamwuliza yeye anakwenda wapi. Akasema Kahama, kwenye mpunga. Mpunga unahitaji maji, nikawaza. Nikapanda na debe langu.

Niseme hapa nililolisikia baadaye, kwa mtu wa Mwadui niliyekutana naye safarini miaka mingi mbele. Alfajiri ya siku ya ahadi wavuvi walikuja. Walikuja na siku iliyofuata. Mama Sayi alikaa kwenye kigoda chake siku nne, na kila aliyemwuliza alimwambia kijana amepatwa na jambo njiani, si mtu wa kuchelewa. Alituma watu wanitafute kwenye mahame, wakidhani nimeumwa na nyoka. Wakakuta nimechimba kila mahali. Sijui walimwambia nini. Mwezi ule Sayi akaja kumchukua, naye hakubisha. Mwalo ule ulikwenda na sabuni, kisha hata sabuni ikaadimika nchini, watu wakawa hawana ya kuogea sembuse ya kuvulia, na wavuvi wa ndoana wakatawanyika. Yule mtu wa Mwadui alimfahamu Mama Sayi kama bibi wa jirani. Alisema bibi yule alikuwa na tabia ya ajabu. Akipikiwa samaki aliomba apewe yeye kumpasua.

Kahama nilifika siku ya pili, alasiri. Sikuwahi kuuona mji ule. Kulikuwa na mabasi, magunia ya mpunga, ng'ombe wanaoswagwa katikati ya barabara, watu wanaouliza bei kwa lugha tatu. Nilizunguka na debe mkononi mpaka mwanamke mmoja mnene, akifagia ua, akaniita.

"Wewe mwenye debe! Unauza nini?"

"Siuzi kitu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi unatafuta nini?"

Sikuwa nimejiandaa. "Natafuta pa kulala."

"Vyumba ninavyo. Kimoja kinavuja, lakini kiangazi hiki hakivuji. Njoo uone." Aliitwa Mama Rehema. Akaniongoza ndani ya ua, akanionyesha chumba chenye kitanda cha kamba na msumari mmoja ukutani. Kisha akanionyesha bafu, nyuma, uzio wa matete, na maji ya kuogea yalikuwa yakitoka chini ya uzio yakiingia kwenye migomba mitatu.

Aliporudi kufagia mimi nilibaki pale. Udongo chini ya migomba ulikuwa mweusi. Nzi walikuwepo tele. Nilivua kiatu, nikauchokoa kwa kidole gumba cha mguu, kidogo tu, kina cha kiganja. Wakatoka watano. Nikapiga magoti nikafukua kwa mikono. Walikuwa wengi, wekundu, wanene, wanaorukaruka. Nilishika konzi la udongo ule nikaliweka shavuni, na lilikuwa baridi, na lilinuka kama mvua.

Basi la kuelekea Geita lilikuwa linaondoka alfajiri. Kwenye debe lenye udongo wa maji na jani la mgomba juu wangeweza kuishi siku nne, tano. Nilijua hivyo kuliko nilivyolijua jina langu.

"Kijana!" Mama Rehema akaniita kutoka uani. "Sijakuuliza. Utakaa siku ngapi?"

Nikawarudisha mmoja mmoja. Nikawafunika udongo, nikausawazisha kwa kiganja, nikanawa mikono kwenye maji ya bafu.

"Bado sijajua, mama," nikamjibu. "Nitakaa kwanza."

Akanitupia ufunguo.